Maonyesho Yasiyo na Paa: Kuzuru Kazi za Sanaa Katika Migori na Homa Bay

Mtu akaaye Nairobi, akiwa na nafasi siku ya Jumamosi, aweza kuitumia siku hiyo nzima kwa kutembelea nyumba za maonyesho. Asubuhi aweza kuanzia katika Makumbusho ya Taifa, yaliyofunguliwa mwaka 1930 kwa jina la Makumbusho ya Coryndon, akatazama huko mifupa ya kale, ndege waliokaushwa, na picha za watu wa makabila ya Kenya zilizochorwa na Joy Adamson. Baadaye aweza kushuka mjini mpaka Nairobi Gallery, jumba la mawe lililojengwa mwaka 1913 kuwa ofisi ya serikali, ambamo zamani watu waliandikisha ndoa, vizazi na vifo. Siku hizi jumba hilo limewekwa vitu vya thamani vilivyokusanywa na Joseph Murumbi, aliyekuwa Makamu wa Rais wa Kenya mwaka 1966.

Mtu wa Migori au wa Homa Bay asomapo habari hizo huenda akasema moyoni, “Hayo ni mambo ya watu wa Nairobi, sisi hatuna.” Maneno hayo yana ukweli kidogo. Mji wa Migori ulikua kwa biashara na kwa njia iendayo mpaka wa Tanzania, na mji wa Homa Bay ulikua kwa sababu ya samaki na gati ya ziwani. Hakuna hata mmoja uliojulikana kwa majumba ya picha. Hata hivyo, katika kaunti hizo mbili zimo kazi za mikono ambazo wageni husafiri maelfu ya maili kuja kuziona, na wenyeji huzipita kila siku pasipo kugeuza shingo. Makala haya yaeleza kazi hizo ni zipi, jinsi ya kuzitazama, na kwa nini kuzitazama ni jambo la lazima.

MAONYESHO NI KITU GANI?

Watu wengi hudhani kwamba maonyesho ni nyumba. Sivyo. Nyumba ni chombo tu, kama vile kikapu kilivyo chombo cha kubebea mahindi. Ili maonyesho yawepo, mambo manne yatakiwa. La kwanza ni kitu kilichotengenezwa kwa ustadi. La pili ni nafasi ya kukitazama pasipo haraka. La tatu ni maelezo, ili mtazamaji ajue kitu hicho kilifanywa na nani, kwa njia gani, na kwa kazi gani. La nne ni mlinzi, maana kitu kisicholindwa leo hakitaonekana kesho.

Katika jumba la Nairobi, mambo hayo yote hufanywa na watu walioajiriwa kwa mshahara. Wako wanaofuta vumbi, wanaoandika vikaratasi vya maelezo, na wanaofunga milango jioni. Lakini kazi ya sanaa ikiwa juu ya mlima, au kandokando ya shamba, au ufukoni mwa ziwa, hakuna mlango wa kufunga. Hapo ulinzi wake umo mikononi mwa watu wanaoishi karibu nayo. Wakiijua thamani yake, itadumu. Wasipoijua, itapotea katika maisha ya mtu mmoja.

UKUTA USIO NA CHOKAA

Matembezi yaanze Thimlich Ohinga, yapata kilomita 46 kaskazini-magharibi ya mji wa Migori. Neno ohinga katika lugha ya Kijaluo ni boma lililozungushiwa ukuta. Mahali hapa pana maboma ya mawe ambayo, kwa hesabu ya wataalamu, yalianza kujengwa yapata karne ya 16. Makubwa yake ni manne, nayo huitwa Kochieng, Kakuku, Koketch na Koluoch. Katika nchi ya jirani zimehesabiwa sehemu zaidi ya 100 zenye maboma ya namna hiyo, lakini Thimlich ndiyo kubwa kupita zote na ndiyo iliyohifadhika vizuri zaidi. Mwaka 2018 shirika la UNESCO liliiandika katika orodha ya Urithi wa Dunia, ikawa mahali pa saba pa Kenya kuingia katika orodha hiyo.

Mtazamaji akifika asiridhike kusema tu, “Huu ni ukuta mkubwa,” na kwenda zake. Na asogee karibu aone ulivyojengwa. Hakuna udongo wala chokaa katikati ya mawe, wala mawe yenyewe hayakuchongwa. Waashi waliyaokota kama yalivyo. Waliyapanga kwa safu tatu: safu ya nje, safu ya ndani, na katikati yake wakajaza mawe madogo ya kuzishikamanisha. Kila jiwe limechaguliwa likae sawasawa juu ya mwenzake, hata uzito wenyewe ukawa ndio gundi. Ukuta haukwendi moja kwa moja. Hupinda-pinda, na mahali pengine umetiwa nguzo za mawe za kuuegemeza usianguke. Kimo chake ni kati ya mita 1.5 na mita 4.5, na unene wake ni kati ya mita 1 na mita 3.

Malango ni membamba na mafupi. Aingiaye hana budi kuinama, na mtu aliyeinama hawezi kutupa mkuki. Kwa hiyo mwashi alijenga lango ambalo humfanya kila mgeni aingie kwa adabu, atake asitake. Ndani zimebaki alama za nyumba, mazizi ya ng’ombe, na mawe ya kusagia nafaka, na nje pana mahali palipoyeyushwa chuma.

Jambo moja zaidi lastahili kukumbukwa. Walioanza kujenga hapo si watu wa kabila moja tu. Watu wenye kusema lugha za Kibantu na watu wenye kusema lugha za Kiniloti walikaa humo kwa zamu, na kila waliokuja waliurekebisha ukuta waliouona kwa waliotangulia. Ukuta ulisimama kwa muda wa karne nyingi kwa sababu kila kizazi kilikubali kurudisha jiwe lililoanguka. Maboma yalipoachwa katika karne ya 20, umbo lake halikufa. Boma la Kijaluo la mviringo, lenye ua wa minyaa badala ya mawe, lilifuata mpango ule ule.

Adui za ukuta huu ni wadogo. Mti ukiota katikati ya mawe huyalegeza. Mbuzi akipanda juu huangusha jiwe moja, na mtoto akimfuata huangusha la pili. Mtu akichukua mawe matatu kwenda kuinjikia chungu huona amechukua kidogo, lakini ukuta usio na chokaa hauna kitu kingine cha kuushika ila mawe hayo.

MITUNGI SOKONI, MASHUA UFUKONI

Kutoka Thimlich msafiri aweza kupita Ndhiwa na Rodi Kopany mpaka Homa Bay. Katika masoko ya nchi hii iko sanaa nyingine, nayo huuzwa kwa bei ya sukari na sabuni. Sanaa hiyo ni ufinyanzi.

Katika desturi ya Wajaluo wafinyanzi ni wanawake. Mfinyanzi huukanda udongo, akaufanya vipande virefu kama kamba, akavizungusha kimoja juu ya kingine mpaka mtungi upate kimo chake, kisha akaulainisha kwa mkono. Udongo ukiwa bado mbichi huutia nakshi kwa kuviringisha juu yake kamba iliyosokotwa au kijiti kilichochongwa, na alama zikabaki zimepangika safu kwa safu. Mtungi ukikauka huchomwa kwa moto wa wazi. Ule wa maji, uitwao dapi, huyapoza maji pasipo barafu wala umeme, maana maji kidogo hupenya katika vitundu vya udongo na kukauka nje, na kule kukauka huondoa joto.

Wataalamu waliowachunguza wafinyanzi wa Kijaluo katika miaka ya 1980 waliona jambo la kupendeza. Wanawake wengi hawakujifunza kazi hiyo kwa mama zao, bali kwa mama wakwe na wake wenza baada ya kuolewa. Kwa hiyo nakshi ya mtungi haionyeshi kwao na mke, yaonyesha alikoolewa. Mtu mwenye jicho zuri aweza kusimama sokoni na kusema mtungi huu umetoka upande gani, kama vile mtu ajuavyo mwandiko wa rafiki yake kabla ya kufungua barua. Lakini madumu ya plastiki yamechukua mahali pa mitungi katika nyumba nyingi, na mfinyanzi akikosa mnunuzi, mkaza mwana wake hana sababu ya kujifunza.

Mjini Homa Bay, na katika fuko zote za ziwa ambalo Wajaluo huliita Nam Lolwe, ziko mashua za mbao zilizovutwa mchangani. Umbo la mashua hizi lilitoka upande wa visiwa vya Ssese katika Uganda, likaenea ziwa zima. Wenye mashua huzipaka rangi nyekundu, buluu, manjano na nyeupe, na huandika ubavuni jina la mzazi, au neno la shukrani kwa Mungu, au fumbo la kumjibu jirani mwenye wivu. Asubuhi, wavuvi warudipo, mtu aweza kutembea kutoka omo ya mashua moja hadi omo ya nyingine, kama vile mtu wa Nairobi atembeavyo kutoka picha hadi picha. Tofauti ni kwamba picha ya Nairobi ina kikaratasi chenye jina la mchoraji. Mchoraji wa mashua hana jina, na rangi yake hufutwa na maji.

RUSINGA: ALIYEZIKWA NA ALIYEFUKULIWA

Kutoka Homa Bay barabara hufuata ziwa mpaka Mbita, na kutoka Mbita daraja humvusha msafiri mpaka kisiwa cha Rusinga. Huko ndiko alikozikwa Tom Mboya, waziri wa serikali na kiongozi wa vyama vya wafanyakazi, aliyeuawa kwa risasi mjini Nairobi tarehe 5 Julai 1969. Jengo lililo juu ya kaburi lake limefanywa kwa umbo la risasi, na ndani zimo picha na vitu vyake. Nairobi nako, karibu na mahali alipouawa, sanamu yake ilisimamishwa mwaka 2011. Msafiri aliyeziona zote mbili aweza kuzilinganisha. Sanamu ya mjini yamwonyesha mtu alivyokuwa hai, akiwaelekea watu. Jengo la Rusinga lakumbusha namna alivyokufa, tena limesimama katika ardhi ya jamaa zake. Mtu ni mmoja, lakini maneno ni mawili.

Kisiwa hicho hicho kimetoa kitu kingine kilichojulikana duniani kote. Mwezi wa Oktoba mwaka 1948 Mary Leakey aliona huko fuvu la mnyama wa jamii ya nyani mkubwa asiye na mkia, aitwaye Proconsul, aliyeishi yapata miaka milioni 18 iliyopita. Fuvu hilo lilipelekwa Uingereza kwa ndege likachunguzwe, na lilikaa huko miaka mingi mpaka likarudishwa Kenya. Basi mtoto aliyezaliwa Rusinga mwaka ule fuvu lilipookotwa alikua, akaoa, akapata watoto, kabla kitu hicho cha kisiwa chake hakijarudi hata Nairobi.

PICHA ZA MFANGANO

Mwisho wa njia ni kisiwa cha Mfangano, nacho hufikiwa kwa chombo cha majini kutoka Mbita. Huko, katika pango la Mawanga na chini ya mwamba wa Kwitone, ziko picha zilizochorwa jiweni kwa rangi nyekundu na nyeupe. Si picha za watu wala za wanyama. Ni miviringo ndani ya miviringo, na alama zenye miali kama jua. Picha za namna hii ziko pia Nyero katika Uganda, kwa hiyo ni dhahiri kwamba waliochora walikuwa na desturi iliyoenea pande zote za ziwa.

Wataalamu wasema kwamba wachoraji walikuwa Batwa, wawindaji wafupi waliokaa nchi hiyo kabla ya kuja wakulima na wafugaji, na picha zenyewe zina umri uliozidi miaka 1,000. Wasuba, ambao wazee wao walivuka ziwa kutoka upande wa Uganda, waliwakuta au walisikia habari zao. Wasuba hawakuzifuta picha hizo, ingawa si kazi ya mababu zao. Waliziheshimu kama mahali pa kuombea mvua, na koo za jirani zikawa walinzi wake. Hofu na heshima zilifanya kazi ambayo mjini hufanywa na kufuli.

Siku hizi kisiwani yako Makumbusho ya Amani ya Abasuba, yaliyoanzishwa na jamii yenyewe kwa kutunza vitu, habari na lugha ya Wasuba, maana wengi wao sasa husema Kijaluo. Mgeni atakaye kuziona picha hupata huko maelezo na mtu wa kumwongoza. Jambo hili ni la maana sana, kwa sababu hofu ya zamani imepungua, na palipoondoka hofu hapana budi kuingia elimu. Picha ya mwambani haina sanduku la kioo. Moshi wa moto uliowashwa pangoni huipaka masizi. Mkono unaoigusa huiachia jasho na mafuta. Maji yanayomwagwa ili rangi ing’ae mbele ya kamera huilegeza. Na mtu mmoja mwenye kipande cha makaa, atakaye kuandika jina lake, aweza kuharibu kwa dakika moja kitu kilichodumu kwa miaka elfu.

VITU VILIVYOKWENDA UGENINI

Si kila kitu kilibaki. Katika miaka ya ukoloni watumishi wa serikali, wamisionari, wafanya biashara na wataalamu walichukua vigoda, ngao, vilemba vya manyoya, mapambo na ngoma, vingine kwa kununua, vingine kwa kupewa, na vingine kwa nguvu. Kati ya mwaka 2018 na 2021 Makumbusho ya Taifa ya Kenya, pamoja na wasanii wa Kenya na wa Ulaya na makumbusho mawili ya Ujerumani, yalifanya kazi ya kuandika orodha ya vitu vya Kenya vilivyomo ugenini. Vilihesabiwa zaidi ya 32,000. Mwaka 2021 maonyesho yalifanywa Nairobi juu ya habari hiyo, na makabati ya vioo yakawekwa tupu, ili watazamaji waone kwa macho kile kisichokuwapo. Waswahili husema, “Mali bila daftari hupotea bila habari.” Orodha ile ndiyo daftari, na pasipo daftari mwenye mali hana la kudai.

Lakini uko mfano mwingine unaoonyesha kwamba maonyesho yaweza kurudi nyumbani hata pasipo jumba. Mwaka 1936 mtaalamu Mwingereza E. E. Evans-Pritchard alizuru nchi ya Wajaluo na kupiga picha nyingi. Picha hizo ziliwekwa katika Makumbusho ya Pitt Rivers, huko Oxford. Mwaka 2007 nakala zake zililetwa Nyanza, nazo hazikutundikwa katika jumba la mjini, bali zilionyeshwa katika maboma ya watu. Wazee walisimama mbele yake wakazungumza habari za watu na mahali palipoonekana. Mambo yote manne yalikuwapo: kitu, nafasi, maelezo na walinzi. Na maelezo hayakutoka kwa mtaalamu kwenda kwa watazamaji tu. Watazamaji nao walimweleza mtaalamu mambo asiyoyajua.

ADABU ZA MTAZAMAJI

Afanyaye matembezi haya na ashike mambo machache. Kwanza, aombe ruhusa kwa wenyeji au kwa watunzaji kabla ya kuingia, kwa maana mahali pengine ni pa ibada. Pili, asiguse picha ya mwambani, wala asiimwagie maji, wala asiwashe moto karibu nayo. Tatu, asipande juu ya ukuta wa Thimlich, wala asichukue jiwe lolote, hata likiwa dogo. Nne, akinunua mtungi, amwulize mfinyanzi jina lake na mahali alipojifunza, ayaandike. Kalamu na daftari ya shule vyatosha. Mwalimu aweza kuwatuma wanafunzi wake kuandika majina ya wafinyanzi wa kata yao na ya wachoraji wa mashua wa ufuko wao, na daftari hilo litakuwa mwanzo wa makumbusho.

Majumba ni mazuri, na kaunti zikiyajenga itakuwa faida. Kwa sasa atakaye kuona boma zima la Kijaluo katika makumbusho huenda Kisumu, ambako makumbusho yaliyofunguliwa mwaka 1980 yamelijenga pamoja na nyumba zake zote. Lakini jumba huja mwisho, si mwanzo. Waliomrithi mwashi wa kwanza wa Thimlich hawakulijua jina lake, wala Wasuba hawakuyajua majina ya Batwa. Hata hivyo kila mmoja aliona kwamba kazi iliyo mbele yake ni njema, akaiacha isimame, na jiwe lilipoanguka akalirudisha mahali pake. Kama wasingalifanya hivyo, leo kusingalikuwa na kitu cha kutazama.